Ijumaa za Chooni

Jana shangazi yangu Zuhura alituma video kwenye grupu la familia. Shehe mmoja wa makamo, amekaa mbele ya rafu ya vitabu, anaeleza adabu za kutumia simu chooni. Chini yake shangazi kaandika: "Sikilizeni, hasa nyie watoto wa siku hizi." Hazikupita dakika, watu wakaanza kumimina. Maashallah. Shukran dada. Allah akulipe. Mama naye aliiona, maana nilikuwa naye hapo hapo, anachambua mchele, simu kaiegemeza kwenye bakuli. Aliitazama mpaka mwisho. Hakuandika kitu. Akarudi kwenye mchele wake.

Mimi ndiye niliyetaka kuandika. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ndivyo nilivyo, hata darasani nikiitwa jina sauti inakata, wenzangu wanadhani naringa. Kwa hiyo naandika hapa, kwa wa rika langu mliolelewa na mtu ambaye dini yake mliijua kupitia kidole chake tu, kile alichokuwa anawanyooshea. Na niseme mapema msije mkasubiri bure: sijamsamehe, na mkifika mwisho mtakuta bado sijamsamehe.

Shehe mwenyewe hana kosa. Anaongea taratibu, kwa upole. Anasema simu si msahafu, ukizima kioo na kuitia mfukoni hakuna neno. Ila usiingie nayo ikiwa inasoma kurani, usiongee humo bila dharura, na uizime sauti isije ikaadhini ukiwa umechuchumaa. Alipofika hapo kwenye kuadhini alitabasamu kidogo, na mimi uso wote ukawaka moto.

Nilikuwa bado wa kuandika kwa penseli. Tulikuwa tumepanga Kariakoo, mtaa wa nyuma, kwenye moja ya zile nyumba za Kiswahili chache zilizobaki, imebanwa na ghorofa huku na ghorofa huku mpaka jua lilikuwa linatufikia saa sita tu, linachungulia na kuondoka. Korido ndefu, vyumba kushoto na kulia, uani jiko na choo. Chumba chetu kilikuwa na pazia. Cha Mama Side, jirani yetu aliyekuwa anakaanga vitumbua uani, pazia. Mlango mmoja tu nyumba nzima ulikuwa na komeo ambalo mtoto anaweza kulifunga kwa ndani asiulizwe anafanya nini, nao ni wa choo.

Mama alikuwa Uarabuni, kwenye kazi za ndani. Baba alikuwa anauza viatu vya mitumba Mchikichini; anaondoka kabla hakujapambazuka ili awahi marobota yakifunguliwa, anarudi sauti imekauka kwa kunadi. Ukimuuliza chochote anasema, "Kamuulize shangazi yako." Na shangazi yangu, dada yake huyo, alikuwa amehamia kwetu kutoka Buguruni na mabegi yake mawili, eti aje anilee.

Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga, ingekuwa rahisi kuwaeleza. Yeye alikuwa na maneno, na alikuwa anayasema akiwa ananisuka, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake, huna pa kwenda. "Mama yako kaacha mzigo, punda mimi." Anavuta. "Mtoto bubu kama jiwe, sijui kamrithi nani." Anavuta tena. Mpaka leo mtu akinishika nywele kwa nyuma naruka.

Mama alikuwa anapiga simu Jumapili jioni. Shangazi anatandika mkeka koridoni, anaweka spika, na nyumba nzima inakuja kusikiliza. Mama Side anakuja na mwiko wake mkononi. Mama anasema salaam aleikum, mimi naitikia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujambo, sijambo, shule nzuri, basi. Macho yote hayo yananitazama, ningesema nini? Kisha shangazi anaichukua simu na kuanza kesi zake. Sauti ya mama ilikuwa inakuja na mwangwi mkubwa, na nyuma yake maji yanamwagika, hayakatiki.

"Msikie hilo jumba linavyovuma," Mama Side alikuwa anasema. "Hiyo marumaru hiyo, mpaka ukutani. Na chemchemi wanayo ndani kwa ndani, si unayasikia maji?"

"Wenzetu wanakula bata," shangazi anajibu. "Sisi tunalea."

Na mimi nikajenga lile jumba kichwani. Nguzo nyeupe, dari ya juu kama ya msikiti, chemchemi katikati, mama kakaa ukingoni kaloweka miguu. Nilikuwa nikilala naliona. Nilifurahi kwamba angalau miguu yake inapoa.

Halafu ikaja Ijumaa moja. Baada ya kula, shangazi alikuwa amelala kama kawaida yake, kanga kajifunika usoni, simu iko kwenye chaji. Ikaanza kutetemeka. Nikaona jina la mama. Nikaichomoa nikakimbia nayo kabla haijamwamsha, na ukiwa mtoto mwenye siri kwenye nyumba ile kulikuwa na mahali pamoja tu pa kukimbilia. Nikapiga dua yangu nje haraka haraka, ile ya kujikinga na mashetani wa kiume na wa kike, nikaingia kwa mguu wa kushoto, nikafunga komeo.

"Assalaam aleikum," mama akasema.

Hapo nikakwama. Chuoni kwetu, yaani madrasa, Ustadhi alikuwa anatuimbisha kila siku mpaka tunaota: chooni hatuongei, chooni hatujibu salamu, chooni hatutaji jina la Mungu. Nilikuwa nimewahi kula fimbo kwa kupiga chafya humo na kusema alhamdulillahi kwa sauti. Sasa mama ananisalimia na mimi niko juu ya tundu.

"Haloo? Wifi? Mbona kimya?"

Nikagonga kwa kucha, nyuma ya simu. Tk.

"Nani? Ni wewe mwanangu?"

Tk.

"Unaumwa? Mbona huongei? Uko wapi, chumbani?" Kimya. "Uani?" Kimya. Akafikiri. "Chooni?"

Tk.

Mama alicheka. Kicheko cha kweli, kile cha tumboni, nilikuwa sijakisikia tangu aondoke. Halafu kikakatika ghafla, kama mtu kajiziba mdomo kwa mkono. Akaongea kwa kunong'ona. "Haya, nimeelewa. Ustadhi wenu anawakamua kwelikweli. Basi moja ndiyo, mbili hapana. Sawa?"

Tk.

Tangu siku hiyo akawa anapiga kila Ijumaa saa ile ile ya usingizi wa shangazi. Aliniuliza vitu ambavyo kwenye spika havikuwahi kuulizwa. Unashiba? Tk, tk. Baba anakaa na wewe? Tk, tk. Unalia usiku? Shangazi anakusema? Unanikumbuka? Na mimi, huyu bubu kama jiwe, nikawa namwaga yote kwa kucha. Sijawahi kuongea na mtu kama nilivyoongea na mama zile Ijumaa, na mdomo sikuufungua hata mara moja. Nje machinga wanapigishana kelele za spika zao, bei poa bei poa, jenereta la dukani linanguruma, na mimi nimechuchumaa kwenye joto na harufu ile ya dawa ya choo ya pinki wanayouza kwenye chupa za maji, nina furaha kinoma.

Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Kila akimaliza mama alikuwa anasema, "Nitarudi karibuni, inshallah." Sasa neno hilo linatoka kwenye simu, simu iko chooni. Litakwenda wapi? Mbele yangu kuna tundu. Kwa hiyo nikajifunza: nikihisi anakaribia kumaliza, nasimama, nainua simu juu kabisa ya kichwa, kwenye yale matundu ya hewa ya ukutani, ili inshallah ya mama itokee huko nje, isije ikadondoka.

Nilikamatwa kwa adhana. Shangazi mwenyewe alikuwa ameweka ile apu kwenye simu, sauti kaipandisha mwisho, ili nyumba nzima ijue nani anaswali kwa wakati. Ijumaa hiyo mama alichelewa kupiga. Ndiyo kwanza amekata, mimi bado nimeikumbatia simu kifuani, mara: Allahu Akbar! Kuta nne za choo, bati juu, sauti ikawa kama ya mnara. Nikabonyeza kila pa kubonyeza. Nikaifunika kwa gauni. Nikaikalia. Muadhini anaendelea tu chini yangu.

"Jamani njooni!" Mama Side akapiga yowe uani. "Choo kinaadhini!"

Watu wakaangua kicheko. Nikasikia kandambili za shangazi zinakuja, pa pa pa. "Nani humo?" Nikakohoa, maana ndilo jibu la chooni, kila mtu anajua, unakohoa. Lakini kikohozi changu alikijua. "Fungua!" Nikakohoa tena. Akausukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka na misumari yake.

Akaipokonya simu, akaona jina la mama juu kabisa. "Kumbe! Kumbe ndiyo mchezo wenu! Unaongea na mama yako chooni?"

Nilitoka kwanza, kwa mguu wa kulia, ndipo nikajibu. "Siongei, shangazi. Nilikuwa siongei."

Wapangaji wakacheka hadi kushika mbavu. Yeye hakucheka. Aliinama, uso wake karibu na wangu, na akasema kwa sauti ambayo uani wote ulisikia, na ambayo mimi naisikia mpaka leo kila akinipikia, kila akiniita mwanangu mbele za watu.

"Ndiyo maana harudi. Si mnaombea dua chooni? Zinapokelewa na wa chooni." Akanyoosha kidole kwenye lile tundu. "Ngoja hao wakurudishie mama yako."

Nilimwamini. Nawaambia ukweli, nilimwamini moja kwa moja. Nilihesabu Ijumaa zote kichwani na kila inshallah ya mama nikaiona inadondoka, kumbe mkono wangu ulikuwa mfupi, kumbe sikufika juu vya kutosha. Usiku ule sikwenda chooni. Asubuhi sikwenda. Mchana nilijikojolea nikiwa nimesimama mbele ya jiko, na shangazi akasema, "Tazama, wameshamwingia."

Simu ikahamia kifuani kwake, ndani ya sidiria, na Ijumaa zikaishia hapo.

Jumapili asubuhi chuoni nilifanya kitu ambacho sikuwahi kufanya na sijui nilipata wapi nguvu. Niliinua mkono. Ustadhi wetu alikuwa kijana mwenye hasira za karibu, fimbo haitoki mkononi. Nikamuuliza, mtu akiomba dua akiwa chooni, kwenye simu, inapokelewa na nani?

Wavulana wakaanza kucheka palepale. Ustadhi akagonga ubao. "Kimya! Nabii Yunus alikuwa wapi alipoomba? Sebuleni kwa mtu?"

Akainyanyua fimbo.

"Nauliza, alikuwa sebuleni?"

"Tumboni mwa samakiiii," darasa likaitikia.

"Tumboni mwa samaki. Giza, uvundo, na matumbo ya samaki yamemzunguka. Akasikiwa au hakusikiwa?"

"Akasikiwaaa."

"Basi. Mungu anasikia popote, huyo si wa kuulizwa yuko wapi. Adabu ni ya kwako wewe, ya ulimi wako. Ukiwa humo omba moyoni, jina lake usilitamke. Kaa chini. Na nani aliyekujaza huo upuuzi?"

"Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu. Lakini wa mbele yangu alisikia, na kufikia saa ya kutoka nilikuwa nimeshapewa jina. Choo Kinaadhini. Nilitembea nalo mpaka nyumbani, wananifuata nyuma, mmoja anaadhini na wengine wanakohoa. Sikulia. Nilikuwa na samaki kichwani, na nilikuwa na hasira ambayo hata leo nikiitafuta naikuta palepale nilipoiacha.

Jioni mkeka ukatandikwa koridoni kama kawaida. Baba alikuwa hajarudi. Shangazi kakaa, Mama Side kasimama kwenye mlango wa uani, kikaango cha mafuta kiko jikoni nyuma yake. Simu ikaita, spika ikawekwa. Mwangwi. Maji.

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, wifi. Za huko?" Shangazi akaisogeza simu kwangu, akaishikilia mwenyewe. "Haya, bubu wako huyu."

"Mwanangu, hujambo?"

Nilimtazama shangazi. "Sijambo mama, shikamoo. Shangazi amesema hurudi kwa sababu tunaombea dua chooni, zinapokelewa na mashetani."

Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kuzitoa kwenye ile korido. Shangazi alinifinya paja, lakini ilishatoka.

Maji tu yalisikika. Kisha mama akasema, "Zuhura. Umemwambia mtoto hivyo?"

"Wifi, wewe hukuwepo! Simu inaadhini chooni, mtaa mzima unasikia, mtoto kajifungia humo na jina la Mungu, nikae kimya? Hiyo ni adabu gani? Mimi nalea mtoto wa Kiislamu hapa."

"Na mimi niko chooni," mama akasema.

"Nini?"

"Niko chooni sasa hivi. Kila siku nikiwapigia niko chooni. Ndiyo mlango pekee nyumba hii ninaoruhusiwa kuufunga. Simu hawataki kuiona mkononi mwangu, naificha humu nyuma ya ndoo. Maji nayafungulia wasinisikie. Mnanisikia? Au mnataka niwaeleze na sakafu ilivyo?"

Mama Side aliuteremsha mwiko wake taratibu. Nyuma yake mafuta yalikuwa yameanza kuungua na hakwenda kuyatoa. Jumba langu liliondoka. Sikuliona likibomoka wala nini, liliondoka tu, nguzo, dari, chemchemi, na pale lilipokuwa pakabaki mama kachuchumaa gizani na bomba wazi, kama nilivyokuwa nachuchumaa mimi. Ijumaa zote zile. Mimi nimekataa kuijibu salamu yake kwa sababu ya adabu, na yeye kaivunja adabu ile ile ili anisalimie.

"Astaghfirullah," shangazi akasema. Hivyo tu. Sijui alikuwa anamwombea nani.

"Mama," nikasema, "utarudi lini?"

"Karibuni mwanangu, insha..."

"Usilitaje ukiwa humo."

Sikusema kwa jeuri. Nilisema kama mtoto wa chuo, kama ninavyomkumbusha mwenzangu akiingia kwa mguu wa kulia. Nilidhani atacheka. Nilidhani atalisema moyoni, kama Ustadhi alivyotufundisha, kisha atanijibu.

Maji yalimwagika kwa muda mrefu.

"Basi sijui," mama akasema. "Sijui, mwanangu. Pasipoti yangu anayo mwenye nyumba. Sijui nitarudi lini."

Alirudi, mnajua, nimeshawaambia yuko na mimi, lakini ilipita miaka, na yote niliikaa na shangazi. Watu wakubwa wananiambia siku ile shangazi aliumia, kwamba alibadilika, kwamba yeye ndiye aliyemshinikiza baba aanze kuhangaika ofisi hadi ofisi ili mama arudishwe. Inawezekana. Mimi nawaambia nilichokiona. Alizima spika. Hakunitazama. Aliibandika simu sikioni kwangu kwa nguvu mpaka hereni ikanichoma shingoni, akauchukua mkono wangu akaufunga juu yake kidole kwa kidole, kisha akasimama akawafukuza watu wote koridoni kama anafukuza kuku.

Nikabaki peke yangu na mama sikioni, na damu kidogo shingoni. Tulikuwa na nafasi ya kuongea sasa, na mimi nikagonga kwa kucha, nyuma ya simu. Tk.